Piano Haiulizi Unatoka Mtaa Gani: Ukweli na Uongo Kuhusu Muziki wa Klasiki

Jumamosi alasiri Eastlands, Nairobi, ni saa ya mazoezi. Shuka Jogoo Road, ingia Makadara, vuka Jericho, kisha ushike njia ya Umoja na Kayole. Kila baada ya hatua chache kuna kanisa, na ndani yake kuna kwaya inayorudia mstari uleule kwa mara ya kumi kwa sababu sauti ya tatu imepotea. Pembeni ameketi mpiga kinanda, mara nyingi kijana wa miaka 17 hivi, akiutafuta ufunguo wa wimbo kwa sikio.

Mwambie kijana huyo kwamba kazi yake na kazi ya mtunzi wa piano ya klasiki ni ndugu wa tumbo moja, hatakuamini. Tangu utotoni ameambiwa kwamba muziki ule una wenyewe: Wazungu, watu wa Karen na Muthaiga, waliozaliwa wakaikuta piano sebuleni. Wanaomwambia hivyo si maadui zake. Ni wazazi, walimu, hata wanamuziki wenzake. Lakini neno likirudiwa sana hugeuka ukuta, na ukuta huu umewazuia watoto wengi kabla hawajabisha hodi.

Nimeyakusanya madai manane ninayoyasikia mara kwa mara mitaani. Mashahidi nitakaowaita wanatoka pande mbili. Upande mmoja ni watunzi wa Armenia, nchi ndogo ya milima ya Kaukasi yenye watu wapatao milioni 3, wachache kuliko wakazi wa Nairobi, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 4.3. Upande wa pili ni watu wetu, kuanzia Korogocho hadi Uganda.

Dai la 1: Muziki wa klasiki ni wa watoto wa matajiri.

UONGO.

Mtu anayeheshimiwa na Waarmenia kuwa baba wa muziki wao wa klasiki anaitwa Komitas. Alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa Kütahya, ulio ndani ya Uturuki ya leo, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Soghomon Soghomonian. Baba yake alikuwa fundi viatu. Mama alifariki Soghomon akiwa bado mchanga, baba akafuata kabla mtoto hajafika miaka 12. Mwaka 1881 kasisi wa mji wao alitakiwa kumpeleka yatima mmoja mwenye sauti nzuri katika seminari ya Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia. Akachaguliwa yeye.

Alifika akiwa anazungumza Kituruki tu. Mbele ya mkuu wa kanisa aliimba wimbo wa ibada kwa Kiarmenia, lugha ambayo hakuielewa, na sauti yake ikamfungulia mlango. Miaka 15 baadaye, mwaka 1896, alikuwa Berlin akisomea utunzi na nadharia ya muziki.

Yatima wa fundi viatu, mgeni hata katika lugha ya watu wake. Ukimtafuta mwenzake leo, utampata Gikomba au Mukuru mapema kuliko utakavyompata Muthaiga.

Dai la 2: Usipoanza piano ukiwa mtoto mdogo, umechelewa.

NUSU UKWELI.

Tuwaweke Waarmenia wawili kwenye mizani. Arno Babajanian alizaliwa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, mwaka 1921. Akiwa na miaka 7 alikuwa tayari anasoma muziki katika chuo cha muziki cha mji huo, baadaye akaenda Moscow na kufundishwa piano na Konstantin Igumnov, mmoja wa walimu wakubwa wa zama zake. Akawa mpiga piano wa kiwango cha juu kabisa. Vidole vinavyozoeshwa mapema huwa vyepesi, na hilo hatuwezi kulikana.

Sasa mtazame Aram Khachaturian. Alizaliwa mwaka 1903 Tbilisi, mji mkuu wa Georgia ya leo, mtoto wa fundi wa kujalidi vitabu. Utotoni alipuliza ala ya shaba katika bendi ya shule na kujifunzia piano nyumbani kwa sikio, bila mwalimu. Alipokubaliwa katika shule ya muziki ya Gnessin huko Moscow mwaka 1922, alikuwa na miaka 19 na hakuwa na mafunzo rasmi ya muziki. Alipewa chelo, ala ambayo hakuwa ameizoea. Utunzi alianza kuusomea mwaka 1925. Mwaka 1936 alikamilisha utunzi wake wa piano na okestra, uliompa jina duniani. Mwaka 1942 ikaja bale yake ya Gayane, yenye ngoma ya panga ambayo hata asiyemjua Khachaturian ameshawahi kuisikia mahali.

Kwa hiyo, anayetaka kuwa mpiga piano mkubwa wa jukwaani, heri aanze mapema. Anayetaka kutunga, kuongoza kwaya, kufundisha au kupiga kwa ustadi na furaha, miaka 19 si usiku. Ni asubuhi.

Dai la 3: Korogocho si mahali pa okestra.

UONGO, na hapa huhitaji kitabu. Macho yanatosha.

Mwaka 2008 Elizabeth Njoroge, akishirikiana na Padri John Webootsa wa shirika la Wakomboni, alianzisha masomo ya muziki wa klasiki katika Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, Korogocho. Mpango huo unaitwa Ghetto Classics na unaendeshwa chini ya wakfu wa Art of Music Foundation. Ua wa kanisa umepakana na jaa la taka la Dandora. Moshi ukiinuka, huingia darasani bila kubisha, na mpulizaji wa klarineti huuvuta kwa mapafu yaleyale anayoyahitaji kwa noti ndefu. Hata hivyo masomo huendelea. Wapo wa fidla, wapo wa chelo, wapo wa tarumbeta na saksafoni.

Mpango huo umekua ukafika Mombasa, na umefundisha zaidi ya watoto 1,000. Mwaka 2014 ilianzishwa pia okestra ya vijana ya Safaricom, na mapato ya tamasha la jazi la kampuni hiyo, lililoanza mwaka huohuo, yakaelekezwa kusaidia masomo ya Korogocho. Papa Francis alipozuru Nairobi Novemba 2015, vijana hao walikuwa miongoni mwa waliompigia muziki.

Okestra inadai mambo manne: ala, mwalimu, nafasi na nidhamu ya kurudi kesho. Nidhamu hiyo watoto wa Korogocho walikuwa nayo kabla ya fidla ya kwanza kufika. Mtoto anayeamka alfajiri kupanga foleni ya maji hahitaji kufundishwa subira na mtu yeyote.

Dai la 4: Anayetunga muziki wa klasiki ameacha muziki wa kwao.

UONGO, na ndio uongo unaotugharimu zaidi.

Turudi kwa Komitas. Alipotoka Berlin hakukaa chini kuiga Wajerumani. Alikwenda vijijini. Alisimama karibu na mkulima anayelima akaandika wimbo wa jembe, akaandika nyimbo za arusi, za kubembeleza watoto, za maombolezo na za wahamaji waliokumbuka nyumbani. Alikusanya maelfu. Kisha akatunga ngoma za piano ambamo mkono mmoja unaiga dufu na mwingine unaiga ala za nyuzi za kwao. Chombo kilichozaliwa Ulaya akakifundisha kusema Kiarmenia.

Ndivyo alivyofanya Khachaturian pia. Midundo ya sokoni Tbilisi, aliyoisikia tangu utotoni kutoka kwa Waarmenia, Wageorgia na Waazabajani, ndiyo inayorukaruka ndani ya okestra yake.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, tume ya wanamuziki 5 ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walipotafuta mahadhi, waliyapata katika wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, ambao mama humwimbia mtoto alale. Aliyewapa ni Mzee Meza Morowa Galana. Wakauchukua wimbo wa mama, wakaupangia sauti na kuuandikia ala za bendi, na leo husimamisha majenerali na marais. Kazi hiyo, ya kuchukua sauti ya nyumbani na kuipa umbo linaloweza kubebwa na okestra, ndiyo aliyoifanya Komitas.

Majirani zetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa mahadhi ya Kiganda, na ikaimbwa Roma mwaka 1964 mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, aliandika muziki wa fidla mbili, viola na chelo uliobeba midundo ya Kiganda. Kundi la Kronos Quartet la Marekani likaurekodi katika albamu ya watunzi wa Kiafrika iliyotoka mwaka 1992.

Hebu fikiria nyatiti. Mpigaji ameketi chini kwenye kigoda kifupi, ala imelala kando yake. Vidole vya mikono miwili viko kwenye nyuzi 8. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga ubao wa ala, na mguuni kuna njuga. Juu ya hayo yote anaimba. Mtu mmoja anaendesha nyuzi, ngoma, njuga na sauti kwa wakati mmoja, kila kimoja kikishika njia yake bila kumkanyaga mwenzake. Mwanafunzi wa piano hutumia miaka mingi kujifunza uhuru wa namna hiyo wa mikono miwili. Mtoto aliyekulia Kaloleni au Makongeni akiisikiliza nyatiti kwenye matanga na arusi ameshaanza somo hilo, ila hakuna aliyemwambia.

Dai la 5: Ukisoma klasiki, huwezi tena kupiga muziki wa kawaida.

UONGO.

Babajanian, yuleyule mwanafunzi wa Igumnov, alitunga kazi nzito za klasiki: Utenzi wa Kishujaa wa piano na okestra mwaka 1950, na utatu wa piano, fidla na chelo mwaka 1952. Utatu huo aliupiga mwenyewe pamoja na David Oistrakh, mmoja wa wapiga fidla bora wa karne iliyopita. Mtu huyohuyo alitunga nyimbo za mapenzi na za kucheza zilizoimbwa redioni kote katika Muungano wa Sovieti. Nyingi ziliimbwa na Muslim Magomayev, mzaliwa wa Baku, Mwazabajani. Mwarmenia akitunga, Mwazabajani akiimba: ni jambo la kukumbukwa na kila anayejua damu iliyomwagika baadaye kati ya mataifa hayo mawili.

Babajanian alifanya kazi hiyo akiwa mgonjwa. Saratani ya damu iliingia mwilini mwake akiwa bado kijana, akaishi nayo miongo kadhaa, akitunga na kupiga hadi alipofariki mwaka 1983.

Mpiga kinanda wa Kayole anayepiga tenzi asubuhi na wimbo wa injili wenye mdundo wa benga mchana hana cha kupoteza akijifunza Bach. Mkono wake wa kushoto utapata nguvu, sikio lake litasikia sauti nne pale lilipokuwa likisikia moja, na kanisa lake litafaidika Jumapili inayofuata.

Dai la 6: Solfa si noti za kweli.

UONGO.

Wengi wetu tuliufahamu muziki wa maandishi kupitia ubao mweusi. Mwalimu wa kwaya anachora mistari minne kwa chaki, moja kwa kila sauti, anajaza d, r, m, f, s, anaweka nukta na vistari vya kugawa mapigo, kisha anageuka na kunyoosha kidole: "Sauti ya kwanza!" Na watu ambao hawajawahi kuiona karatasi ya noti wanaimba nyimbo za sauti nne bila kukosea. Mfumo huo wa solfa uliendelezwa Uingereza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kuimba pamoja, na wamisionari wakauleta kwetu.

Komitas naye hakuandika nyimbo za vijijini kwa noti za mistari mitano peke yake. Alitumia pia alama za Kiarmenia zilizobuniwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Hampartsoum Limondjian, kwa kuwa ziliandikika upesi wakati mwimbaji akiendelea. Maandishi ya muziki ni chombo kama vilivyo vyombo vingine, na fundi hudharau chombo kisichofanya kazi tu.

Hata hivyo solfa ina mpaka wake. Inabeba sauti moja moja vizuri, lakini haibebi kwa urahisi vidole 10 vinavyokwenda njia tofauti kwenye piano. Anayeimudu solfa ajifunze noti za mistari pia. Atashangaa jinsi anavyozijua tayari kwa nusu.

Dai la 7: Kibodi na piano ni kitu kimoja.

UONGO, ingawa huu hausemwi kwa nia mbaya.

Fungua mfuniko wa piano, bonyeza kibonye kimoja polepole na utazame ndani. Mti mrefu unainuka upande wa pili kama bembea, unasukuma nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa, nyundo inagonga nyuzi za chuma na kurudi nyuma papo hapo ili zilie kwa uhuru. Wakati huohuo kizuizi kilichokuwa kimezilalia kinainuka. Ukiondoa kidole, kizuizi kinarudi na sauti inakufa. Bonyeza kwa upole, nyundo inakwenda polepole na sauti inanong'ona. Bonyeza kwa nguvu, inanguruma. Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, alibuni mtambo huo mnamo mwaka 1700 ili kidole kiweze kusema kwa sauti ya chini na ya juu.

Kibodi nyingi za makanisani kwetu zina vibonye 61 vyepesi vya plastiki. Piano ina 88 vyenye uzito. Aliyezoea kibodi akikalia piano mara ya kwanza vidole huchoka dakika chache tu, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani hawana kipaji. Kilichopungua ni mazoezi ya uzito. Kibodi ni mwanzo mzuri wa kujifunza noti, mapigo na mpangilio wa sauti. Yenye vibonye vizito 88 ni bora zaidi. Lakini anayeweza kupata japo saa moja kwa wiki kwenye piano halisi, shuleni, kanisani au katika chuo cha Kenya Conservatoire of Music kilichoanzishwa mwaka 1944, asiiache saa hiyo impite.

Dai la 8: Muziki wa klasiki hauleti ugali mezani.

NUSU UKWELI, na mzazi anayeuliza swali hili anastahili jibu la heshima.

Kenya haina msururu wa okestra zinazolipa mishahara kila mwezi. Nairobi Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1947, kwa sehemu kubwa hupigwa na watu wenye kazi nyingine za mchana. Atakayemwahidi mtoto kwamba fidla peke yake itamjengea nyumba anamdanganya.

Lakini ujuzi wa muziki una milango mingi. Jeshi, polisi na magereza wana bendi. Shule zinatafuta walimu wa muziki, na Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha somo hilo hadi shahada. Makanisa, arusi, studio na matangazo vinahitaji watu wanaosoma noti na kuelewana na wenzao haraka. Korogocho kwenyewe, baadhi ya waliofundishwa wakiwa watoto sasa ni walimu wa wadogo zao. Khachaturian, pamoja na umaarufu wake wote, aliandika muziki wa filamu na kufundisha miaka mingi. Ndivyo wanamuziki wengi wanavyoishi duniani kote: mkono mmoja unatunga, mwingine unafundisha.

Hukumu

Kati ya madai manane, sita ni uongo na mawili yana nusu ya ukweli. Hakuna hata moja linalotosha kumfungia mtoto mlango.

Limebaki jambo moja. Tarehe 24 Aprili 1915 Komitas alikamatwa pamoja na mamia ya wasomi na viongozi wa Kiarmenia mjini Istanbul, mwanzoni mwa mauaji ya halaiki ya watu wake. Aliachiliwa akarudi hai, lakini akili yake haikupona. Alimaliza maisha yake hospitalini Ufaransa, akafariki mwaka 1935. Sehemu kubwa ya karatasi zake ilipotea. Vijiji vingi alikoziokota nyimbo zile havikubaki na mtu wa kuziimba. Zile alizowahi kuziandika zikanusurika ndizo Waarmenia wanazoziimba leo.

Nasi tuna nyimbo ambazo hazijaandikwa. Ziko kwa nyanya wa Bahati aliyetoka Tana River, kwa mzee wa Kaloleni mwenye nyatiti ukutani, kwa mama wa Dandora anayembembeleza mtoto kwa Kikamba, kwa mzee wa Pumwani anayezijua kasida ambazo vijana hawazijui. Kijana mpiga kinanda, chukua simu yako, keti karibu nao, rekodi, kisha ukae kwenye kibodi na utafute ufunguo, kama unavyofanya kila Jumamosi. Mzazi, mpe nafasi. Viongozi wa makanisa na wasimamizi wa kumbi za jamii, acheni mlango wazi siku zisizo za ibada na mikutano. Wimbo wa taifa letu ulipatikana kwa sababu kulikuwa na mzee aliyekumbuka, na watu waliokuja kumsikiliza na kuandika.